Pini ya Pili

Sanduku la spana la baba lilikuwa na vitu arobaini na tatu. Nilivihesabu mara mbili, kwanza kwa mkono wa kulia, kisha kwa wa kushoto, kama alivyonifundisha mwenyewe, na mara zote mbili jawabu lilikuwa lile lile. Arobaini na mbili vilikuwa vyuma. Hicho cha arobaini na tatu nitakieleza kwa wakati wake.

Baada ya khitma ya baba, ndugu zake walikaa kuzungumza habari za nyumba, nani achukue chumba kipi. Mimi nikasema nataka sanduku la spana. Walikubali upesi mno, jambo ambalo dukani kwangu lingenitia wasiwasi, maana mtu akikubali bei ya kwanza bila hata kukuna kichwa, ujue mmoja wenu hajatazama mali vizuri. Lakini mimi sikutaka spana. Nilitaka harufu iliyotoka mle ndani nilipofunua kifuniko: grisi iliyokauka, na chini yake lile vumbi jeusi la breki, ambalo hunuka kama nywele zilizoungua karibu na chuma. Nilikuwa na miaka tisa mara ya kwanza kulinusa.

Gari letu lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyolala, na umri wake ulikuwa siri kati yake na baba. Nyumba yetu ilikuwa Mji wa Kale, kwenye kichochoro ambacho hata mkokoteni wa maji ulipopita watu walijibanza milangoni, kwa hivyo gari lililala kwenye kiwanja kidogo mwanzo wa njia, na baba alilitembelea kama mtu anayemjulia hali mgonjwa. Mwaka ule lilianza kulia. Kila baba alipokanyaga breki, kitu kilipiga kelele nyembamba na ndefu chini yake.

"Bwana, gari lako lalia," mama alisema.

"Halilii. Laimba."

"Basi liambie nyimbo hii nimeichoka."

Ilikuwa mizaha mwanzoni. Wazazi wangu walitaniana tangu asubuhi hadi walale, na mimi nilidhani nyumba zote ziko hivyo. Halafu ikaja siku ya harusi ya Likoni. Tulikuwa tunateremka kuelekea feri, mimi nyuma na sinia la visheti mapajani, na mara ile sauti nyembamba ikawa nene, chuma kinasaga chuma, na gari halisimami. Baba alikanyaga kwa miguu miwili. Tulisimamishwa na mkokoteni wa machungwa. Machungwa yalishuka yenyewe mpaka majini, tena bila nauli.

Hakuna aliyeumia. Mwenye mkokoteni aliinama dirishani, akamtazama baba. "Mzee, ulipotaka machungwa si ungeuliza bei?"

Watu walicheka, na feri ilikuwa imejaa watu. Pengine kama wasingecheka, nisingekuwa na mambo haya ya kuandika. Mama alishuka, akatengeneza buibui lake, akasema bila kupaza sauti, lakini wote walisikia: "Mwanamume mzima aona hasara kununua breki, haoni hasara kutuzika mimi na mwanawe."

Baba alilipa machungwa. Hatukwenda harusini. Nyumbani, kabla ya magharibi, mama akiwa anavua buibui, baba alisema, "Nimekuacha. Talaka moja."

Mikono ya mama ilisimama hewani. "Ngapi?"

"Moja."

"Nimesikia," akasema, na buibui alilokuwa akilivua akalivaa tena.

Kwa haki angebaki pale pale nyumbani mpaka eda iishe. Lakini kaka yake alikuja asubuhi kumchukua, naye hakukataa. Alirudi kwao Takaungu na mfuko mmoja wa nguo. Mimi nikabaki kwa sababu ya shule. Mlangoni aliniinamia, huku baba amekaa hatua mbili tu kutoka pale, na akasema, "Mwambie babako, gari lile silipandi tena mpaka litiwe breki mpya."

Nikageuka. "Baba, mama asema gari lile halipandi tena mpaka litiwe breki mpya."

"Nimesikia," akasema baba.

Mimi niliyafikisha maneno yale kama mtoto anayefikisha bakuli la mchuzi kwa jirani, nikiangalia tu yasimwagike. Sikujua nimebeba nini.

Kitu kikubwa alichokiacha mama kilikuwa sanduku lake la mbao, lenye misumari ya shaba, alilokuja nalo akiwa bibi harusi. Ndani mlikuwa na leso zake, nguo za kutokea, na harufu ya udi iliyofukizwa miaka yote. Nilikuwa nikitoka shule nalifungua, natia kichwa ndani, nafunga. Shangazi, dada yake baba, alihamia kwetu kutupikia, na siku moja nilimsikia akimwambia jirani dirishani: "Eda ikisha, sanduku lapelekwa Takaungu kwa heshima. Watu wa adabu hawakai na kitu cha mwanamke aliyeachwa."

Hiyo ndiyo sheria niliyoielewa. Eda ikiisha, sanduku linakwenda. Na kama sanduku haliendi? Nikapiga hesabu yangu ya miaka tisa, nikaona wazi kabisa: mama hawezi kukaa na mfuko mmoja wa nguo. Sanduku likibaki, siku moja atalifuata.

Miezi ikapita. Baba alingoja miwili na ushei kwa kiburi, na siku zilizobaki kwa mshahara. Halafu Jumanne moja alinichukua kutoka shule, tukaenda kwa muuza spea wa Mwembe Tayari, mtu mnene aliyekaa katikati ya vyuma kama kuku anayeatamia.

"Pedi za breki, za mbele," baba alisema, akataja gari.

Muuza spea akaweka boksi juu ya meza na bei juu ya boksi. Baba alikuwa tayari kutoa pochi. Nikamkanyaga mguu.

"Boksi limefunguliwa," nikasema.

"Limefunguliwa na hewa ya bahari, bimkubwa."

"Hewa ya bahari imekata na gundi?"

Baba alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu ile feri nikaona meno yake. Muuza spea akapunguza. Nikamwambia baba twende duka la pili, tukafika mpaka mlangoni, akapunguza tena. Kisha nikahesabu pedi mbele yake. Moja, mbili, tatu, nne, kwa kulia. Moja, mbili, tatu, nne, kwa kushoto.

"Yakhe, mtoto huyu umemtoa wapi?" muuza spea alimwuliza baba.

"Ni mamake mtupu," baba akasema. Alilisema kwa namna ambayo ningeijua maana yake kama ningekuwa mkubwa. Mimi niliona tu kwamba tumenunua breki, na kwamba safari iko karibu, na kwamba ni safari ya sanduku. Maana kwa nini tena mtu atie breki baada ya miezi mitatu ya kutembea kwa miguu?

Jumatano ilikuwa sikukuu ya shule. Baba alitandika gunia kiwanjani, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akalegeza nati kabla ya kupiga jeki, kwa sababu gari likisha kuinuka gurudumu huzunguka na nati inakucheka. Kazi yangu ilikuwa gunia. Kila alichokitoa alinipa, nikakipanga, nikahesabu. Nati nne. Pedi mbili kuukuu, nyembamba kama biskuti iliyolambwa. Pini mbili ndefu zinazopita katikati ya pedi na kuzishika zisianguke, kila moja kama msumari usio na ncha, na vibanio viwili vidogo vya kuzifunga. Jumla kumi.

"Mkono wa kulia?"

"Kumi."

"Wa kushoto?"

"Kumi, Baba."

Gurudumu la kwanza lilikwisha vizuri. Alisukuma pistoni ya breki nyuma kwa kibanio cha seremala alichoazima, akapachika pedi mpya, akapitisha pini. Alikuwa anaimba kwa pua. Nilimchukia kidogo kwa nyimbo ile. Gurudumu la pili lilikuwa limekwisha kufunguliwa na vitu kumi viko guniani pale adhana ya adhuhuri iliposomwa. Akanawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni. "Linda gunia," akaniambia, akaenda msikitini.

Nililinda. Nilivitazama vile vitu kumi. Nati ni rahisi kupata, hilo nililijua. Lakini pini, baba mwenyewe alikuwa ameniambia, haziuzwi peke yake. Gari huja nazo na hufa nazo. Nikavua utepe wangu wa nywele, wa kijani, nikaizungushia pini moja, nikafunga fundo langu la mara mbili. Nikakimbia nyumbani. Shangazi alikuwa jikoni. Nikafungua sanduku la mama, nikatia mkono mpaka chini kabisa, chini ya leso zote, nikaiacha pale. Nilipotoa mkono, ulinuka udi na vumbi la breki pamoja. Sijawahi kukutana na harufu ile tena mpaka mwaka huu.

Baba aliporudi akakaa, akanyoosha kiganja. "Pini."

Nikampa.

"Ya pili."

"Ni moja, Baba."

"Hesabu."

Nikahesabu kwa mkono wa kulia, pamoja na ile ya kiganjani mwake. "Vitu tisa."

"Hesabu tena, mwanangu. Wa kushoto."

Nikahesabu kwa wa kushoto. "Tisa." Nilimdanganya kwa mikono yote miwili.

Alipekua gunia, akalikung'uta, akalala chini ya gari. Alichukua ungo wa shangazi, akapepeta mchanga wa kiwanja kizima, mtu mzima amechutama juani anapepeta mchanga kama mchele wa harusi.

"Kaka, ungo wangu huo!" shangazi akapiga kelele.

"Nitakununulia mwingine."

"Huo ni wa mama yetu!"

Akaendelea kupepeta. Alhamisi hakwenda kazini. Alikwenda kwa muuza spea, akafukuzwa kwa mizaha, akaenda Majengo kwa wauza vyuma chakavu, akarudi jioni mikono mitupu na shati limeganda kwa jasho. Alisimama mbele ya kalenda ya ukutani. Alikuwa ametia duara la wino kwenye Jumapili. Aliweka kidole kwenye Alhamisi, akasogeza: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Nafasi bado ipo. Nilimwona mabega yanashuka, na mimi yangu yakapanda.

Ijumaa, baada ya sala ya mchana, shangazi alinituma nazi. Niliporudi nikakuta gurudumu liko mahali pake na baba anafuta mikono.

"Umepata pini, Baba?"

"Nimepata."

"Majengo?"

"Panda ukanyage breki," akasema.

Nikapanda. Baada ya kutia pedi mpya, breki huwa haipo kabisa. Ukikanyaga, mguu unakwenda mpaka sakafuni kama unaingia kwenye uji. Lazima ukanyage tena na tena mpaka ipande. Nilikanyaga, nikilia kimya kimya kwa sababu hila yangu imeshindwa, na baba amesimama dirishani, ananitazama. Hakuhesabu. Alinitazama tu, muda mrefu, mpaka mguu wangu ukasimama juu ya kitu kigumu.

"Basi," akasema, na akaniwekea mkono kichwani, mahali pasipokuwa na utepe.

Jumamosi asubuhi alivaa kanzu iliyopigwa pasi. Nilikwenda kwenye buti kutazama sanduku. Buti lilikuwa tupu. Kwenye kiti cha mbele palikuwa na mto mpya na doti ya leso za mama, zimekunjwa, zanuka udi.

"Baba, sanduku je?"

"Sanduku la nini? Mwenye sanduku si ndiye tunayemfuata."

Sikumbuki daraja la Nyali, wala Mtwapa. Nakumbuka nilikaa nyuma nimeshika kiti kwa mikono miwili, na moyo wangu unapiga kelele kuliko gari, maana gari lilikuwa kimya. Furaha ilikuwa kubwa hata ile pini chini ya sanduku niliisahau. Nilipoikumbuka, nikatazama zile leso, nikajiambia: kalifungua sanduku, lakini hakufika chini. Angefika, angenipiga. Baba hakuwa mtu wa kunyamaza. Hivyo ndivyo nilivyodhani namjua.

Hapa lazima nieleze nilichokuja kukijua ukubwani. Mke wa talaka moja mumewe aweza kumrejea, bila posa wala mahari, maadamu eda haijaisha. Wanaume husema eda ni miezi mitatu, wakatazama kalenda. Lakini kwa mwanamke aliye katika ada zake, eda ni twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi kati ya hedhi, na kalenda yake anayo yeye peke yake. Baba, mtu aliyenifundisha kuhesabu mara mbili, jambo hili alilihesabu mara moja, tena kwa kalenda isiyokuwa yake.

Alilijua kosa lake kabla mama hajafungua mdomo. Tulikuwa tumekaa ukumbini Takaungu, kwa babu mzaa mama. Mama alitoka chumbani amejitanda leso mpaka kwenye nyusi, kama alivyojitanda mbele ya watu baki. Alinikumbatia, kisha akakaa mbali, ameelekea ukuta.

"Nimetia breki," baba alisema. Salamu zilikuwa zimepita, lakini nakumbuka kama hilo ndilo neno lake la kwanza. "Mpya. Za mbele zote mbili. Hazilii tena."

"Hongera, Bwana."

"Nimekuja nikurejee."

"Eda imekwisha."

"Ni kesho. Nimetia alama kwenye kalenda."

"Wewe umehesabu karatasi. Mimi nimehesabu mwili wangu. Imekwisha jana asubuhi."

Nje kuku alikuwa anachakura, na nilitamani anyamaze.

"Alhamisi kutwa nilikaa hapa," mama akasema, bado anautazama ukuta. "Nimevaa viatu. Kila gari lililopita barabarani nililisikiliza kama lalia. Babangu alicheka, kasema utakuja na la kimya. Ulikuwa wapi Alhamisi?"

Baba aligeuka akanitazama. Nilidhani ananiomba msaada, kama kule kwa muuza spea. Alinitazama kwa muda wa mtu anayehesabu kitu, akakihesabu tena. Kisha akamgeukia mama.

"Nilichelewa," akasema.

Basi. Sauti ya babu ikatoka chumbani: "Mlango wa posa haujafungwa, kijana. Njoo upya, kama watu."

Mama alitikisa kichwa. "Nilimpa siku zote alizopewa na Mungu, Baba. Nyingine sina."

Tuliacha leso na mto. Njiani kurudi baba alisimama vizuri kila penye kusimama, polepole, bila sauti yoyote, na mimi nilitamani lile gari lipige kelele.

Sanduku lilikwenda Takaungu wiki iliyofuata kwa lori la mbao. Mama aliolewa tena pale pale, na mume mpole, akazaa wawili. Baba hakuoa. Likizo nilikuwa kwa mama, na kila nilipofika nilingoja aniulize: kipini hiki cha chuma kilichokuwa chini ya sanduku langu ni cha nani? Nilikuwa na uongo tayari, nimeupanga, nimeuhesabu. Hakuniuliza kamwe. Nikadhani kimeanguka njiani, au ameutupa utepe bila kuufungua. Miaka ikapita juu yake.

Kitu cha arobaini na tatu kilikuwa kwenye kijikopo cha bati cha kuwekea nati ndogo, chini ya spana zote. Utepe wa kijani, umefifia, na fundo la mara mbili halijafunguliwa. Pini ilichomolewa tu, utepe umebaki na umbo la kile ulichokibana. Una doa jeusi la mafuta upande mmoja. Upande wa pili, nikiusogeza puani na kufumba macho, kuna udi kidogo sana. Au labda naununua kwa bei ya kwanza, kwa kutaka uwemo.

Ijumaa ile baba alikwenda sandukuni kumtolea mama leso za kurudia nyumbani, akafika chini kabisa. Na Jumamosi, mbele ya mtu aliyemwuliza alikuwa wapi, alikuwa na jibu zuri, la kweli, lenye ushahidi, limekaa kando yake limevaa gauni la sikukuu.

Juma lililopita nilikwenda Takaungu. Mama sasa haoni vizuri. Nilimwekea utepe kiganjani, nikamweleza yote, toka gunia mpaka ungo, sikupunguza. Alisikiliza akiupapasa. Nilipofika kwenye lile neno la baba, "Nilichelewa," mama alisita.

"Angesema," akasema mama. "Kwa nini hakusema?"

"Angesema, ungerudi?"

Alianza kulifungua fundo. Vidole vyake vilikuwa vizito, lakini alikataa nimsaidie. Alilegeza la kwanza, akalegeza la pili, akaunyoosha utepe juu ya goti mpaka ukalala sawa. Kisha akanyoosha mkono, akanipapasa kichwa, ambacho sasa kina mvi nyingi kama chake.

"Ulikuwa na nywele nyingi, weye," akasema. "Hazikushikwa na utepe mmoja. Wala nyumba ile na pini moja."